Nimekuwa Nikirekebisha Karatasi za Treni za Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana jambo lenyewe limeanzia kwenye treni ndogo za mezani, zile ambazo behewa moja linaenea kiganjani, na najua mtu akisikia hivyo atasema huyu mama amekosa shida za kweli, lakini mimi hii ni wiki ya tatu chakula hakipiti, simu ikilia nashtuka, na juzi kazini nimeweka faili la mgonjwa mmoja kwenye kabati la mwingine, kosa ambalo sijalifanya kwa miaka kumi na tisa.

Mimi ni karani wa masjala hospitalini, mume wangu ni fundi magari, na tunaishi na baba yake, stesheni masta mstaafu mwenye miaka sabini na minne, mtaa mzima unamwita Masta. Huyu mzee alipostaafu alitoa kila kitu kwenye stoo ya nyuma ya nyumba, akajenga meza inayozunguka chumba kizima, juu yake akatandika reli nyembamba kama kamba za viatu, stesheni saba, kiwanda cha saruji, kinu cha unga, daraja la mbao na vilima vya plasta, na ukitaka kwenda upande wa pili sharti upite chini ya meza kwa magoti, hata mwenyekiti wa chama chao cha wapenzi wa reli ambaye ana tumbo lake.

Chama kina watu kumi na mmoja, Jumamosi moja wanakutana, inayofuata wanapumzika, saa nane mchana, na wala hawachezi, usije ukalitamka neno hilo mbele yao, wanaendesha reli kama reli ya kweli, yaani behewa haliendi popote bila sababu, lina mzigo, na mzigo una ulikotoka na anayeungoja, na hayo yote yanajulikana kwa karatasi. Karatasi hizo natengeneza mimi.

Nikueleze ilivyotokea, maana bila hapo hutanielewa. Kwa miaka sita ya mwanzo ya ndoa yangu mzee huyu hakuwahi kunisemesha moja kwa moja, alikuwa akimwambia mume wangu "mwambie mkeo chai imepoa" nami nimekaa hapo hapo na birika mkononi. Kisha mama mkwe akafariki, nyumba ikapoa, na siku moja mzee akaja jikoni ameshika kadi moja iliyochakaa, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi, akasema, "Wewe unafanya kazi na karatasi. Nitengenezee karatasi za kweli. Treni bila karatasi ni mwanasesere."

Mshauri, nilizitengeneza kwa miezi mitatu. Mabehewa yako themanini na mawili, kila moja nikalitengenezea kadi yake yenye namba, rangi na aina, kadi ina kifuko mbele, na ndani ya kifuko kuna hati ya mzigo yenye safari nne, mbili mbele na mbili nyuma, leo behewa linapeleka saruji stesheni ya Darajani, kikao kijacho unaigeuza hati linarudi tupu Kiwandani, kwa hiyo mizigo haikwami na hakuna siku inayofanana na nyingine. Nikatengeneza orodha ya kila treni, ratiba, na fomu za ruhusa ya njia, maana kati ya stesheni na stesheni reli ni moja tu, treni mbili haziwezi kupishana, basi Masta anakaa sebuleni peke yake ambako haoni treni, anaongea na madereva kwa simu ya waya, anatoa ruhusa, dereva anaiandika kwenye fomu yake na kumsomea, naye Masta anaiandika kwenye karatasi yake ya kumbukumbu, na karatasi ya Masta ndiyo sheria. Siku ya kwanza kikao kilipokwenda kwa karatasi zangu bila kukwama, mzee alikuja jikoni, akaniambia, "Mwanangu, leo nimekuwa kazini." Mwanangu. Nililia kwenye sinki la vyombo.

Sasa, kama mwaka mmoja uliopita, nikaanza kuona mambo. Karatasi za kikao mimi huzipanga kwenye faili Jumapili asubuhi wengine wakiwa wametoka, na Jumapili moja nikakuta Masta ameandika treni imeondoka saa tisa na dakika sabini. Nikacheka peke yangu, nikasema uzee wa macho, nikaandika nakala safi. Kikao kilichofuata behewa la maziwa limepewa ruhusa ya kuingia kiwanda cha saruji. Nikaandika nakala safi. Halafu nikakuta ametuma treni ya abiria kwenye stesheni ambayo haipo kwenye meza yetu, stesheni ya kweli alikofanya kazi kabla mume wangu hajazaliwa, ameliandika jina lake kwa mwandiko mzuri kabisa, na hapo sikucheka, lakini nakala safi nikaandika. Zile za asili sikuzichana, kazini tumefundishwa karatasi haichanwi, nikazitia kwenye bahasha ya kaki chini ya mashuka, na sasa bahasha imenona.

Wiki tatu zilizopita ndipo mambo yalipoharibika. Kati ya wanachama kuna kinyozi mmoja, mtu mpole, mwenye mkono usiotetemeka, yeye ndiye aliyechonga vijumba vyote vya pale mezani kwa mbao za masanduku, vina hadi madirisha ya kufungua. Siku hiyo Kinyozi alikuwa na treni ya mizigo na mwanachama mwenzake, mama wa duka la dawa, alikuwa na treni ya abiria, na treni zote mbili zikakutana uso kwa uso juu ya daraja, na kichwa cha treni ya abiria, kile cha bati ambacho Masta alikitengeneza mwenyewe kwa miaka miwili, kikaanguka sakafuni, gurudumu moja likabingirika mpaka kwenye mguu wangu.

Masta alitoka sebuleni. Akauliza, "Nani alimpa treni ya mizigo ruhusa ya kupita Darajani?"

Kinyozi akasema, "Ni wewe, Masta. Nimeandika hapa, nikakusomea."

"Mimi sikukupa."

"Masta, ulisema pita mpaka Kiwandani."

"Nimefanya kazi ya reli miaka thelathini na nane," mzee akasema, sauti imepanda, "sijawahi kuweka treni mbili kwenye njia moja!"

 Mama wa duka la dawa akanong'ona kwa mwenzake kwamba Masta naye siku hizi amechoka, na mzee alisikia. Mwenyekiti, ambaye hapendi ugomvi, akasema fomu ya dereva haithibitishi kitu kwa sababu dereva anaiandika mwenyewe, kwa hiyo karani ataikagua karatasi ya Masta atuletee jibu. Yaani mimi.

Nilipoifungua karatasi Jumapili ile, mshauri, ruhusa zote mbili zilikuwepo, kwa mwandiko wa baba mkwe wangu, zimepishana kwa dakika nne. Nilikaa nayo saa nzima. Nilimfikiria akisimama mbele ya watu kumi akiambiwa ni yeye. Kisha nikachukua fomu tupu, nikaandika upya kila mstari kwa mwandiko wa kuigiza wake, na kwenye ruhusa ya Kinyozi nikaandika mwisho ni Darajani, asipite. Nikampelekea mwenyekiti. Kinyozi akaambiwa apumzike mpaka mkutano. Hakubishana. Alisema tu, "Basi kama karatasi inasema hivyo," akachukua kofia yake akaondoka, na vijumba vyake vyote ameviacha pale mezani, kila nikiingia kufagia nakwepesha macho. Mume wangu bado ananyolewa kwake, na anasema jamaa hajambo, ila siku hizi hamwulizi habari za nyumbani.

Ningeweza labda kuishi na hilo, Mungu anisamehe, lakini Masta bado anaendesha gari. Kila Alhamisi anampeleka dada yake, yaani shangazi wa mume wangu, kliniki ya macho, na Alhamisi iliyopita shangazi amerudi anacheka mpaka machozi, anasema, "Kaka yangu leo katuingiza barabara ya kutokea! Magari yote yanakuja usoni, yanatuwashia taa, mimi nikadhani tuna harusi!" Watu wote wakacheka mezani, mzee naye akacheka, na mimi kijiko kikanitoka mkononi, kwa sababu nilikuwa naona treni mbili juu ya daraja.

Nilijaribu kumdokeza mume wangu. Nikasema baba anasahausahau. Akaniambia, "Nani hasahau? Wewe juzi si ulisahau ufunguo? Baba yangu usimvunjie heshima." Nikaliachia hapo, maana kumwonyesha bahasha ni kumwonyesha pia nilichokifanya.

Sasa yamenifika hapa. Jumamosi ya wiki ijayo kuna chama kingine kinakuja kututembelea, watu kumi na sita, kuendesha siku nzima, Masta ndiye atakayeongoza, atapewa cheti cha heshima, na ameniomba niandae faili lote la mwaka wageni walione, anasema kwa fahari, "Hakuna kosa hata moja humo." Na asubuhi ya siku hiyo hiyo, kabla wageni hawajafika, mwenyekiti ameitisha kura ya kumwondoa Kinyozi kabisa, na karatasi itakayowekwa mezani ni ile yangu ya uongo.

Nikajidai mjanja. Nikatengeneza karatasi mpya za siku ya wageni, kila ruhusa nimeshaichapa kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya arobaini, yeye asome tu na kuweka tiki, hata akisahau karatasi inakumbuka. Juzi jioni nikampelekea. Akavaa miwani, akazipitia moja moja, akasema, "Hizi ni za mtu asiyejua kazi." Nikamwambia ni kwa sababu wageni ni wengi. Akazigeuzageuza kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani, akaniangalia, na kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake akaniuliza, "Mwanangu, siku ile ya daraja. Nilikosea mimi?"

Nikasema, "Hapana, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akarudisha miwani machoni, akaendelea kusoma. Tangu hapo sijui nalala au nasinzia. Nikisema ukweli nitamwua yule mzee na mume wangu hatanisamehe, nikinyamaza jumba bovu litakuwa limemwangukia Kinyozi moja kwa moja, na Alhamisi nyingine inakuja na gari liko uani. Namba yangu ya simu nimeiandika chini, naomba usiichapishe. Nifanye nini?

Karani mwenye hofu

*

Karani,

Barua za watu wengine zina foleni. Yako sikuiweka kwenye foleni. Nimeisoma Jumanne saa tatu asubuhi, nikafika kwenye neno gari, nikachukua simu nikakupigia, jambo ambalo kwa miaka yangu yote kwenye safu hii nimelifanya mara mbili tu. Unakumbuka nilichokuuliza? Sikukuuliza habari za treni wala cheti. Nilikuuliza funguo za gari ziko wapi. Ukaanza kunieleza tabia ya mumeo. Nikakukatiza, nikakuambia mumeo aitwe sasa hivi aonyeshwe bahasha, na shangazi asipande gari hilo Alhamisi.

Ulifanya, na kwa hilo nakupa heko. Umenipigia jioni ukanieleza yaliyotokea, na kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji, kwa sababu wako wengi wenye mzee wa namna hii nyumbani na bahasha ya namna hii chini ya mashuka.

Shangazi, ambaye nyote mlidhani anacheka, amekuambia, "Mimi nimejua tangu mwaka jana. Nilikuwa nawasimulia ili mshtuke, mkawa mnacheka na mimi." Umeona? Mama wa watu alipanda gari lile kila wiki akiwa na hofu yake kifuani, akaigeuza kuwa kichekesho, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa inamwogopa mzee badala ya kumwogopea.

Na mumeo, baada ya kuzisoma karatasi zile moja moja amekaa kwenye tairi uani, hakukugombeza kama ulivyohofia. Aliinuka, akafungua boneti ya gari la babake, akachomoa waya wa betri. Mzee alipokuja kuliwasha likagoma, mwanawe akamwambia, "Limeharibika, baba, nitalitengeneza."

Fundi, najua unasoma hapa, mkeo amekusogezea gazeti. Nakuelewa. Gari limesimama, na hilo ndilo lililotakiwa siku ile. Lakini hebu angalia ulichofanya. Mkeo anamdanganya mzee kwa kalamu, wewe sasa unamdanganya kwa spana. Kesho atakuuliza gari limepona? Keshokutwa utachomoa nini? Mzee anaanza kutoiamini akili yake, na nyinyi mnampa sababu zaidi, kwa sababu kila anachokishika kimebadilishwa na mtu nyuma ya mgongo wake.

Karani, turudi kwako, na hapa sikupambi.

Ulianza kwa huruma, naamini. Dakika sabini mtu anaweza kuzirekebisha akacheka. Lakini siku ulipoigiza mwandiko wa baba mkwe wako ili kumtupia lawama mtu mwingine, hiyo haikuwa huruma tena. Kule hospitalini ungefanya hivyo kwenye faili la mgonjwa ungejiitaje? Usiniambie ni treni za mezani. Kinyozi hakuaibishwa mezani, kaaibishwa mbele ya marafiki zake, na aliondoka kwa sababu aliiamini karatasi kuliko kumbukumbu yake mwenyewe. Tena unataka ukae pembeni uone akipigiwa kura.

Halafu unaniambia ulimlinda mzee. Ulijilinda wewe. Ulingoja miaka sita kuitwa mwanangu, na unaogopa neno hilo lisirudi mdomoni mwake. Hiyo hofu naielewa, si ndogo, wala sikucheki. Ila mzee alivua miwani akakuuliza swali. Unajua mtu wa miaka thelathini na nane ya reli anahitaji nguvu kiasi gani kumwuliza hivyo mkwewe? Alikuwa amekwisha kujua nusu. Alikuwa anatafuta mtu wa kujua naye, na wewe ukamwacha peke yake na hiyo nusu yake. Katika barua yako yote hapo ndipo nilipoiweka chini nikanywa maji.

Sasa sikiliza, na usingoje hofu ikutoke ndipo uanze, haitatoka.

Kwanza mzee, na iwe leo, mchana, kabla ya mtu mwingine yeyote. Mumeo awepo na shangazi awepo, chama kisiwepo. Usianze na neno ugonjwa, hujui kama ni ugonjwa, na mimi sijui, inaweza kuwa dawa anazotumia, inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa huzuni ya kufiwa ambayo haijaisha, inaweza kuwa hicho unachokiogopa. Anza na kosa lako. Mwambie, "Baba, uliniuliza swali nikakujibu uongo, na karatasi niliibadilisha mimi." Mpe ya asili aishike. Atakasirika. Pengine atakasirika siku nyingi, chai itapoa tena na utaambiwa kupitia kwa mumeo. Vumilia, ni haki yake. Na fundi hapo hapo amwambie la waya wa betri, na amwombe asiendeshe mpaka daktari aseme. Amwombe, asimwamrishe. Shangazi apelekwe kliniki na fundi mwenyewe, karakana itamsubiri saa mbili.

Kinyozi nenda kwake wewe mwenyewe, mguu kwa mguu, usimpigie simu wala usimtumie ujumbe. Ukikuta wateja kwenye viti usiwangoje watoke. Sema mbele yao. Kisha umwambie mwenyekiti kura haipo, na Jumamosi asubuhi wanachama wote wakiwa wamesimama kuizunguka meza useme kwa kinywa chako kwamba Kinyozi alifuata ruhusa aliyopewa na karatasi waliyoiona uliiandika wewe. Ishia hapo. Watu watakuuliza, basi aliyekosea nani? Jibu kwamba hilo si lako kulisema. Kosa la kalamu ni lako, litangaze. Afya ya mzee ni yake, atawaambia akitaka, siku atakayotaka. Wakikuondoa kwenye chama, ondoka. Umelitafuta.

Faili safi la mwaka usiwaonyeshe wageni. Na cheti, zungumza na mwenyekiti faraghani: kama wanampa kwa miaka yake ya kazi na kwa reli aliyoijenga, wampe kwa mikono miwili, amekistahili. Kama wanampa kwa sababu ya mwaka usio na kosa, huko ni kumvika kilemba cha ukoka, na yeye atakuwa wa kwanza kujua.

Kuhusu hizo karatasi zako arobaini zilizochapwa, ziondoe. Umemgeuza stesheni masta kuwa mpiga tiki, ndiyo maana amekuambia ni za mtu asiyejua kazi, na hakukosea. Mwulize yeye. Nimeongea na mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli, akaniambia pale kwao ruhusa ya njia yenye treni nyingi ilikuwa inaandikwa na mmoja na kusomwa na wa pili kabla haijatoka, wala hakuna aliyeona ni aibu. Muulize baba mkwe wako kama anataka mtu wa pili pale sebuleni, na amchague mwenyewe. Akisema hataki kuongoza siku hiyo, akae na wageni awaeleze daraja lilivyojengwa. Akisema anataka kuongoza, aongoze na mwenzake, na treni zikigongana zigongane, ni za bati, zinaungwa.

Mwisho, daktari. Unafanya kazi hospitalini, huna kisingizio cha foleni. Miadi ichukuliwe wiki hii. Bahasha uende nayo, karatasi zimepangwa kwa tarehe, maana daktari akiona mwaka mzima wa mwandiko wa mtu mmoja, lini ilianza, lini ikazidi, wiki zipi alikuwa mzima kabisa, atapata asichoweza kukipata kwa kumwangalia dakika kumi. Lakini mzee mwenyewe ndiye aibebe na kumkabidhi. Mkifika ndani, kaa kiti cha nyuma. Daktari atamwuliza leo ni siku gani, huu ni mwezi gani, atamtajia vitu vitatu avikumbuke. Kutakuwa na kimya, na wewe utajua jibu, na ulimi utakuwasha. Ufunge. Mwache ajibu mwenyewe, hata akichelewa, hata akikosea.